Kumpima Beki Kijana

Mshambuliaji hana taabu ya kupimwa. Akifunga, hata mama muuza maandazi aliyekaa nyuma ya goli anajua kwamba kafunga. Golikipa naye ni hivyo hivyo: mpira umeingia au haukuingia. Lakini beki wa pembeni, yule tuliyemwita namba mbili au namba tatu enzi zile namba za jezi zilipokuwa na maana, kazi yake kubwa ni mambo ambayo hayakutokea. Krosi haikupigwa. Winga hakupita. Pasi haikutolewa, kwa sababu mwenye mpira alitupa jicho upande ule, akaona pamefungwa, akageukia kwingine. Sasa wewe uliyekaa kando ya uwanja na kalamu yako utaandika nini? Kwamba dakika ya 23 hapakutokea kitu?

Nimekaa kando ya viwanja na kalamu kwa zaidi ya miaka arobaini. Kwanza nilikuwa mwalimu wa michezo, kisha mkuu wa shule asiyetaka kuiachia filimbi, na sasa ni mstaafu ambaye walimu vijana wa hapa Bariadi humkaribisha kwa heshima tu wakati wa kuchagua timu za UMISSETA. Sina kura. Nina kiti cha plastiki, kivuli cha mwarobaini na kaunta buku langu. Katika nafasi zote kumi na moja, hakuna inayonifikirisha kama ya beki wa pembeni, na hakuna ambayo nimeona vijana wengi zaidi wakipotezwa kwa kupimwa vibaya.

Mimi mwenyewe sikuwa beki. Nilipokuwa Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1970, nilicheza winga ya kulia, nami nikawajua mabeki kama mwizi anavyowajua mbwa wa mtaa. Kulikuwa na aina mbili. Aina ya kwanza ilikuwa ya wale waliokuja kwa kishindo. Wakiona mpira umefika miguuni pangu wananijia mbio, wanaserereka, vumbi linatimka, watazamaji wanashangilia. Hao niliwapenda sana. Mtu anayekujia mbio hawezi kusimama, na asiyeweza kusimama unamsukumia mpira pembeni yake ukaendelea na safari. Mara tatu katika kumi angenikwatua, na hizo tatu ndizo watu walizozikumbuka wakati wa chakula cha jioni.

Aina ya pili ilikuwa ya watu wachache. Namkumbuka mmoja wa chuo kingine, mtu mwembamba, mpole, ambaye katika mchezo mzima nadhani hakunigusa hata mara moja. Alisimama hatua moja na nusu mbele yangu, mwili ameugeuza upande, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, akinipa mstari wa nje kama mtu anavyomwelekeza mgeni njia ambayo anajua inaishia kwenye ukuta. Nikienda, anakwenda nami. Nikisimama, anasimama. Nilirudi bwenini jezi yangu safi, miguu yangu mizima, na sikuwa nimepiga krosi hata moja. Wenzangu walinilaumu kwamba siku ile nilikuwa mvivu. Hakuna aliyemsifu yeye.

Nataja habari hiyo kwa sababu ndiyo kiini cha ninalotaka kusema. Macho yetu, ya makocha, ya walimu, na hata ya wazazi, yamefundishwa kumwona beki wa aina ya kwanza. Yule wa pili hayaoni. Na kijana wa miaka kumi na sita si mjinga. Anajifunza kile kinachoshangiliwa.

Aliyechunga ng'ombe Usukumani anayaelewa haya bila kocha. Mtoto wa miaka minane amekabidhiwa ng'ombe kumi na tano, na njia ya kwenda malishoni inapita katikati ya mashamba ya watu, huku pamba, huku mahindi, kule dengu. Ng'ombe akiingia katika shamba la mtu, jioni kuna kesi nyumbani. Mtoto ambaye bado mgeni wa kazi hukimbia nyuma ya ng'ombe, fimbo juu, akipiga kelele, na ng'ombe anayekimbizwa kwa nyuma huingia shambani kwa kasi zaidi. Mtoto aliyekwisha kuizoea kazi hakimbizi. Anatembea upande wa shamba, karibu na bega la ng'ombe, fimbo imelala begani, na anachokitazama ni kichwa kinaelekea wapi. Ng'ombe akiona upande ule pana mtu, anaendelea na njia yake kana kwamba ni uamuzi wake mwenyewe. Mara nyingi hata hajui kuwa amezuiwa.

Nimewafundisha vijana wengi ukabaji kwa mfano huo mmoja, na sijawahi kuhitaji ubao. Usimkimbize kwa nyuma. Kaa upande wa shamba. Shamba ni goli.

Sasa, ukitaka kumpima kijana kama anayo akili hiyo, makosa ya kwanza ni kumtazama wakati ana mpira au yuko karibu nao. Mpira ukiwa upande wa kulia, mimi namtazama beki wa kushoto. Walimu wenzangu hunicheka, wanasema mzee amechoka, anatazama upande ambao hauna mchezo. Lakini huko ndiko mtihani uliko. Beki kijana asiyejua kazi, mpira ukiwa mbali naye, hubaki kwenye mstari wake kama mlinzi wa geti, mikono kiunoni, akitazama mchezo kama sisi watazamaji. Anayejua huwa amesogea ndani, yuko hatua chache kutoka kwa beki wa kati, anageuza shingo kila mara kumtafuta winga wake yuko wapi, halafu anatazama mpira, halafu winga tena. Ile shingo ndiyo naihesabu. Kijana anayegeuza shingo bila kuambiwa anaweza kufundishwa karibu kila kitu kingine.

Makosa ya pili ni kuhesabu mara alizopitwa. Kila beki hupitwa. Winga mzuri ameumbwa apite watu. Na katika viwanja vyetu hivi vya udongo mweusi wa mbuga, ambao ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza kidole, mpira wenyewe unaweza kukupita bila msaada wa winga. Cha kutazama ni kile anachofanya katika hatua tano za kwanza baada ya kupitwa. Wako wanaoinua mkono kumlalamikia mshika kibendera. Wako wanaomshika mtu jezi. Wako wanaomkimbiza winga kwa nyuma, kule kule alikopita, mbio za aibu, wakijua kabisa kwamba hawatamkuta. Na yuko yule mmoja ambaye hamfuati winga kabisa. Anakata njia kuelekea mwamba wa karibu wa goli, kwa sababu anajua mpira lazima uende huko. Huyo hata akipitwa mara sita, mwandikie vizuri.

Kaunta buku langu halina alama za kumi kwa kumi. Nilisahihisha madaftari maisha yangu yote, na ninajua jinsi namba inavyompa msahihishaji raha ya kudhani amemaliza kufikiri. Kila kijana ana ukurasa wake. Juu naandika tarehe, hali ya uwanja, na jambo ambalo watu husahau kabisa: winga aliyekuwa mbele yake alikuwa nani, na alikuwa mtu wa namna gani. Beki aliyetulia mbele ya winga aliyechoka hajatuambia lolote. Baada ya hapo naandika vitenzi tu. Alisimama. Alikimbilia. Aliserereka bila sababu. Alimwita mwenzake. Aliinamisha kichwa. Kisha nafunga, nakaa miezi mitatu, ndipo nalinganisha ukurasa na ukurasa. Silinganishi kijana na kijana. Namlinganisha yeye na yeye. Aliyekuwa akiserereka mara nane mwezi Februari na sasa anaserereka mara mbili amekua, hata kama timu yake imefungwa mabao manne siku hiyo.

Mwezi Mei 2025 tulikuwa na mabeki wawili wa kushoto na nafasi moja. Wote wawili walikuwa vijana wa shule za kata za wilaya yetu. Mmoja alikuwa mrefu, kifua kimeshajaa, sauti nzito, na mbio zake zilikuwa za kupendeza kweli. Mwingine alikuwa kidato cha pili, mfupi, miguu kama vijiti vya kuwashia moto, na daluga alizovaa zilikuwa za kuazima, kwani alikuwa amezijaza matambara mbele. Tulicheza mechi mbili za majaribio. Mrefu alipora mipira mingi, akaserereka vizuri, akapiga kichwa mpira uliotoka kwenye kona hadi katikati ya uwanja. Mfupi, kwa maneno ya mwalimu mmoja aliyekuwa akiongoza kikao, hakuonekana.

"Shikamoo mwalimu," aliniambia kijana huyo kwa adabu, kwani nilimfundisha kidato cha kwanza hadi cha nne. "Tunaona umemwandika sana huyu mdogo. Umeona nini ambacho sisi hatukukiona?"

"Marahaba. Hebu niambie, winga wao wa kulia mechi ya pili alipiga krosi ngapi?"

Walitazamana. Mmoja akasema labda moja. Mwingine akasema yule winga siku ile hakuwa vizuri.

"Mechi ya kwanza, mbele ya yule mrefu, ni winga huyo huyo," nikasema. "Siku ile alikuwa vizuri?"

Walikiri kwamba alikuwa vizuri sana, alipiga krosi nyingi, na beki wetu mrefu alipambana naye kiume. Hapo nikanyamaza. Mwalimu mwanamke anayefundisha netiboli, ambaye naye alikuwa katika kikao, alicheka kidogo, akaandika kitu katika karatasi yake. Lakini neno lililoshinda lilikuwa lile la siku zote: "Ni mdogo, mwalimu. Mkoani watamvunja." Wakamchukua mrefu.

Sina la kumlaumu yule mrefu. Ni kijana mzuri, msikivu, na alikwenda mkoani akacheza mechi zake. Ninachokataa ni ile sababu. Tunapima mwili tukidhani tunapima mchezo. Vijana wawili waliozaliwa mwaka mmoja wanaweza kupishana miaka kadhaa katika kukomaa kwa mifupa. Mmoja ananyoa ndevu, mwingine sauti bado haijavunjika. Aliyewahi kukomaa hushinda kila jaribio kati ya miaka kumi na nne na kumi na sita, akishafika ishirini wenzake wote wamemfikia, na kile alichokuwa akishindia hakipo tena. Isitoshe, sisi Usukumani tuna jambo letu: mtoto aliyechelewa kuanza shule kwa sababu ya ng'ombe anaweza kukaa dawati moja na aliyezaliwa miaka mitatu baada yake.

Dunia ya mpira imelihangaikia suala hili hadi kwenye mashine. Mwaka 2009 FIFA walianza kutumia picha za kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17, kuangalia kama mfupa umekwisha kuungana. Sisi wenyewe tuliwahi kuondolewa katika mashindano ya Afrika ya vijana hao ya mwaka 2005 kwa shauri la umri, na mwaka 2017 Serengeti Boys walikwenda Gabon baada ya Congo Brazzaville kuondolewa kwa shauri la namna hiyo hiyo. Hata hivyo picha ya mfupa inazuia udanganyifu tu. Haimsaidii kijana wa umri halali ambaye mwili wake umechelewa. Huyo anahitaji mtu mwenye subira, na subira haina mashine.

Habari ya ufupi nayo inanichosha. Philipp Lahm aliyeiongoza Ujerumani kutwaa Kombe la Dunia mwaka 2014 ana urefu wa mita 1.70. Alicheza beki ya kulia na beki ya kushoto katika timu kubwa za dunia. Roberto Carlos wa Brazili ni mfupi kuliko yeye. Ningependa kujua katika kikao chetu wangeandikwa nini.

Nilisema makosa ni kutazama mpira na kuhesabu kupitwa. La tatu, na kwa maoni yangu ndilo baya kuliko yote, ni haraka. Mwaka 2017 kule Gabon, vijana wetu walitoka sare ya 0-0 na Mali, wakaifunga Angola 2-1, wakafungwa 1-0 na Niger. Mabao mawili tu yaliingia katika mechi tatu, na nchi nzima ikasema tumepata ukuta. Miaka miwili baadaye, Aprili 2019, mashindano yalikuwa Dar es Salaam. Safari hii tulifungwa 5-4 na Nigeria, 3-0 na Uganda, 4-2 na Angola. Mabao 12 katika mechi tatu. Nilisikia watu wazima, wenye watoto wao, wakisema kwenye vibanda vya video kwamba mabeki wale wafukuzwe wote. Wafukuzwe kutoka wapi? Mtoto hajafika miaka kumi na saba, amecheza mbele ya umati wa nyumbani siku chache tu, na tayari hukumu ya maisha yake imesomwa.

Agosti 2025 ilipofika, CHAN ikachezwa hapa kwetu, Kenya na Uganda. Nilitazama mechi za Taifa Stars kwa jirani yangu mwenye kingamuzi, na nilifurahi kwa namna ya pekee, kwani pembeni kulikuwa na Shomari Kapombe kulia na Mohamed Hussein kushoto. Watu walishangilia mabao yao, na mabao yalikuwepo kweli: Hussein aliifunga Burkina Faso siku ya ufunguzi tuliposhinda 2-0, na Kapombe akaifunga Mauritania bao pekee mechi ikielekea mwisho. Jirani yangu aliruka hadi akamwaga chai. Mimi nilikuwa nahesabu kitu kingine. Katika mechi nne za kundi tulifungwa bao moja. Kisha Morocco wakatutoa robo fainali kwa 1-0. Mabao mawili katika mechi tano, na ukimuuliza mtu leo Kapombe alifanya nini kwenye CHAN atakuambia alifunga.

Lakini tazama muda. Kapombe alizaliwa mwaka 1992. Alijiunga na Simba mwaka 2011, akaenda Ufaransa katika klabu ya Cannes mwaka 2013, akarudi Azam, kisha Simba tena mwaka 2017. Hussein, wanayemwita Tshabalala, alifika Simba mwaka 2014 na akakaa pale miaka kumi na moja kabla ya kwenda Yanga mwaka 2025. Utulivu ule tuliouona Agosti haukununuliwa dukani. Umechukua zaidi ya miaka kumi ya kupitwa, kurudi, na kupangwa tena Jumamosi inayofuata. Hiyo Jumamosi inayofuata ndiyo tusiyowapa watoto wetu.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani anaishi Marekani, na huko mpira wao ni ule wa kubeba mikononi na kuvaa kofia za chuma. Alinieleza kwamba katika timu za vyuo vikuu vya huko kuna mlinzi anayesimama pembeni peke yake, akirudi kinyumenyume mbele ya mkimbiaji, na akikosea hatua moja uwanja mzima unamwona. Nikamwambia huyo ni beki wangu wa pembeni, ila kavaa kofia. Akaniambia jambo lililonigusa zaidi. Kijana wa chuo huko amepewa miaka minne ya kucheza, lakini anaweza kukaa mwaka mzima akifanya mazoezi na timu bila mwaka huo kuhesabiwa, na sheria ya mwaka 2018 ikaruhusu hata kucheza mechi zisizozidi nne ndani ya mwaka huo bila kuupoteza. Maana yake wameandika katika sheria kwamba kijana ana haki ya kupitwa kidogo kabla ya kuhukumiwa. Wana fedha nyingi, najua, na mambo yao mengine siyataki. Hilo moja nalihusudu.

Sisi tuna wiki mbili za mwezi Juni. Na Juni, ndugu msomaji, kama hujaishi Simiyu, ni mwezi wa pamba.

Hapo ndipo nilipokwama na kijana wangu mfupi. Kuachwa kwenye timu ya wilaya si mwisho wa dunia. Aliendelea kucheza shuleni kwao, nami niliendelea kwenda kumtazama kila nilipopata usafiri wa bodaboda. Ukurasa wake wa Februari na ukurasa wake wa Septemba ni kama kurasa za watu wawili. Anawaita wenzake sasa. Mwanzoni alikuwa akicheza kimya kama aliye msibani. Shingo inageuka. Ameongezeka urefu, ingawa si sana. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba baada ya kuachwa ameanza kuserereka. Amewaona wanavyomshangilia yule mrefu. Mechi ya mwisho niliyomwona aliserereka mara tano, mara mbili bila sababu yoyote, na baada ya kila moja alitazama watu waliokaa kando ya uwanja. Nilimwita pembeni, nikamwuliza nyumbani kwao anachunga upande gani wa ng'ombe. Akacheka, akajibu, "Upande wa shamba, mwalimu." Nikamwambia basi.

Desemba nilikwenda kwao, njia ya Dutwa, kuonana na baba yake. Mvua ilikuwa imeanza vizuri, na pamba ilikuwa imeota, majani mawili mawili. Nilimkuta anapalilia.

"Mwangaluka, mwalimu," alinisalimu, akauegemea mpini wa jembe.

"Mwangaluka, baba. Pamba imekubali."

"Imekubali. Sasa inasubiri mikono."

Tukakaa chini ya mti. Nilimweleza kwamba mwakani mtoto wake atakuwa kidato cha tatu, kwamba nadhani safari hii wakimtazama vizuri watamchukua, na kwamba akichukuliwa ataingia kambini Juni, na wakimpandisha mkoani atakaa zaidi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu mwenye adabu, na mimi nina mvi.

"Mwalimu," akasema, "mpira ni wa mtu mwenye watoto wengi na shamba dogo. Mimi nina kinyume chake."

Nilicheka, kwa kuwa alikuwa amesema kweli. Ana watoto watatu, wawili ni wasichana waliokwisha kuolewa, na shamba lake la pamba halionekani mwisho. Mikono ya kijana huyu ndiyo anayoitegemea kwa kuchuma. Nikamwambia kwamba pensheni yangu si kubwa, lakini naweza kulipa vibarua wawili wa kuchuma kwa siku zote ambazo kijana atakuwa kambini, na kwamba nitawalipa mimi mwenyewe kwa kilo, mbele yake.

Alikaa kimya muda mrefu. Akachukua udongo kidogo, akaubonyeza, akautupa.

"Na akipitwa huko mkoani mkamrudisha?"

"Atarudi kuchuma. Lakini atapitwa, hilo nakuambia mapema. Atapitwa mara nyingi."

"Basi unampelekea nini?"

Nilimweleza habari ya ng'ombe na shamba, jinsi mtoto wake anavyosimama, jinsi winga wa ile mechi ya Mei alivyozunguka uwanja mzima akitafuta mahali pa kupita. Alinitazama kama mtu anayesikia habari za mtoto wa jirani. Akaniuliza kama mpira ndiyo huo, na kama watu hulipwa kwa kusimama hivyo. Nikamwambia wako wanaolipwa. Akatikisa kichwa, akainuka, akashika jembe.

"Vibarua watatu," akasema. "Wawili hawatoshi shamba hili."

Nimeandika vibarua watatu katika ukurasa wa kijana, chini ya vitenzi vyake, na pembeni nimeandika Juni 2026.